Viacheni Viunzi Vitetemeke

Jumapili moja ya mwezi uliopita nilikuwa Tanga kwa binti yangu, ambako huenda kila nipatapo siku mbili tatu za kupumzika na kuwaona wajukuu, nikapatwa na mshituko nisioutazamia, nao haukutoka kwa mtu wala kwa habari mbaya, bali kwa televisheni mpya, pana kama meza ya kulia, ambayo mkwe wangu alikuwa ameinunua kwa akiba ya mwaka mzima. Nilikuwa nimechukua sinema ya zamani, Jason and the Argonauts, iliyotolewa mwaka 1963, kwa nia ya kumwonyesha mjukuu wangu wa miaka 9 mambo ambayo mimi mwenyewe niliyaona nikiwa na umri unaokaribia wake, katika jumba la sinema la mji huo huo, nimeketi viti vya mbele vya bei ndogo, shingo imepinda kwa kutazama juu, na ubavuni pangu kijana mkubwa wa mtaani aliyedai kujua Kiingereza, ambaye alitufasiria kwa yakini kamili na bila chembe ya ukweli kwamba yule mzee mwenye ndevu aliyekaa mawinguni ni sultani wa majini.

Tukafika pale nilipokuwa nikipangojea, karibu na mwisho, pale mfalme Aeetes anapoyamwaga ardhini meno ya joka, na viunzi saba vya mifupa ya watu vikachomoza udongoni kimoja baada ya kimoja, vikiwa na panga na ngao mikononi, vikajipanga safu, vikasita, kisha vikaanza kuwaendea wanaume watatu waliosimama kwenye magofu. Moyo wangu ulikwisha kujiandaa. Lakini viunzi vile havikuwa vile nilivyovijua. Vilikuwa vikielea, miguu yao ilipita juu ya mawe pasipo kuyakanyaga, na panga zao zilikuwa na ukungu pembezoni, mfano wa kitu kinachotazamwa ndani ya maji. Mjukuu wangu akacheka. Akaniuliza, “Babu, mbona wanateleza? Wamekanyaga sabuni?”

Kwa muda nilidhani kumbukumbu yangu ndiyo iliyonihadaa, kwani uzee una hila nyingi na hii isingekuwa ya kwanza. Nikaomba rimoti, nikaanza kupekua mipangilio ya picha ukurasa kwa ukurasa, na baada ya kuharibu rangi mara mbili na kuirudisha, nikakiona kilichofanya uovu ule: chombo kimewekewa desturi ya kulainisha mwendo, maana yake kila kati ya picha mbili za sinema chombo chenyewe hubuni picha nyingine ambazo hakuna mtu aliyepata kuzipiga, na kuzichomeka hapo ili macho yasione mruko. Nikaizima. Nikairudisha sinema nyuma hadi meno yanapomwagwa. Na viunzi vikatoka tena ardhini, safari hii vikiwa vikavu na vikali, vikitetemeka kila kimoja katika kila kiungo chake. Mtoto hakucheka. Alivuta miguu yake juu ya kochi.

Nimeanza na kisa hiki kidogo kwa sababu ndani yake limo neno zima ninalotaka kulisema. Wako watu wengi, na miongoni mwao wamo wenye elimu ya sinema kunishinda, ambao huzitaja kazi hizi za zamani kwa namna ya huruma, kama atajwavyo mzee aliyekuwa mpiganaji zamani za ujana wake: ati kwa wakati ule zilikuwa nzuri, ati vyombo vya kisasa vingalikuwapo wangalifanya bora. Huruma hiyo siitaki, wala sidhani kwamba viunzi vile vinaihitaji. Madai yangu ni kwamba mtetemo ule, ambao watu wameuhesabu kuwa dosari na watengenezaji wa televisheni wakaubunia dawa, ndio hasa unaozipa ajabu hizi uhai wake, na kwamba mwenye kuuondoa ameondoa roho na kuacha mpira na chuma.

Yafaa kwanza msomaji ajue mtetemo huo watoka wapi. Aliyeviendesha viunzi vile ni Ray Harryhausen, mzaliwa wa Los Angeles mwaka 1920, aliyeiona sinema ya King Kong mwaka 1933 akiwa kijana wa miaka 13 na hakupata kupona tena. Akaishi kwa ajili ya sanaa ile aliyoanzishiwa na mkuu wake, Willis O’Brien, hata alipofariki London mwaka 2013. Baba yake alikuwa fundi wa mashine, naye ndiye aliyemchongea kwa miaka mingi viunzi vya chuma vya kuweka ndani ya sanamu zake, vyenye viungo vya gololi zilizokaa katika vikombe, vikakazwa kiasi cha kugeuzwa kwa kidole na kubaki pale pale vilipoachwa. Juu ya chuma hicho huvikwa mpira, nao hupakwa rangi na kutiwa nakshi, ikawa ngozi au magamba. Kisha sanamu husimamishwa mezani mbele ya kamera. Hupigwa picha moja. Fundi hunyosha mkono, huusogeza unyayo kwa upana wa ukucha, huinua kiwiko kidogo, huondoa mkono wake, hupiga picha ya pili. Sekunde moja ya sinema hutaka picha 24.

Sasa mtu wa kweli akipunga mkono mbele ya kamera, mkono huo huwa umesafiri kidogo katika kile kipindi kifupi ambacho kamera imefumbua jicho lake, kwa hiyo katika kila picha moja hutoka umevutika na kufifia, kama wino uliopanguswa kabla haujakauka. Ilhali sanamu, maadam imetulia tuli kila inapopigwa, hutoka kali na wazi katika kila picha, hata inapodhaniwa kuwa yakimbia. Macho yakipewa mfululizo wa picha kali kama hizo huziunga, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yao, lakini huziunga kwa mashaka, yakihisi kwamba kitu hiki chatembea na hapo hapo hakitembei. Hiyo ndiyo siri yote ya mtetemo. Haukutokana na uzembe wala na haraka, kwa sababu haraka ni kitu kisichojulikana kabisa katika kazi hii.

Na kama kuna msomaji anayeshuku, na azingatie hesabu ya viunzi saba. Kila kiunzi kina kichwa kimoja, mikono miwili na miguu miwili ya kusogezwa. Viungo vitano mara saba ni mijongeo 35 kwa kila picha moja, na yote sharti ikumbukwe inakokwenda: huyu anainua ngao, yule anarudi nyuma, wa tatu ameanza kuruka na bado hajatua. Harryhausen aliifanya kazi hii peke yake, bila msaidizi mezani, na wastani wake ulikuwa kama picha 13 kwa siku. Yaani mtu mzima huingia chumbani asubuhi, hufunga mlango, na anapotoka jioni kwenda kula amepata nusu sekunde na kitu ya vita. Mapigano yale, ambayo mtazamaji huyamaliza kabla chai yake haijapoa, yalimchukua takriban miezi minne na nusu. Sanamu zenyewe zilikuwa na kimo cha shubiri moja na kidogo juu yake, na mojawapo haikuwa mpya: ilikuwa ni kile kiunzi kilichopigana peke yake katika The 7th Voyage of Sinbad, sinema ya 1958, ambayo ilipofika Uingereza pigano lake lilikatwa kwa hofu ya kuwatisha watoto. Nadhani hiyo ni sifa kubwa kuliko tuzo, kwa kitu cha kimo cha shubiri.

Upande wa watu haukuwa mwepesi pia. Kule Palinuro, kusini mwa Italia, waigizaji walifundishwa pigano hilo hatua kwa hatua kama ngoma, mbele yao wakisimama watu badala ya viunzi. Kisha watu hao wakaondolewa, kamera ikaanza, na waigizaji wakalirudia pigano zima dhidi ya hewa tupu, wakijilazimisha kuusimamisha upanga katikati ya pigo mahali ambapo baada ya miezi kadhaa, katika chumba chenye giza, ngao ndogo ingewekwa kuupokea. Filamu hiyo ndiyo iliyorushwa, picha moja baada ya nyingine, juu ya skrini ndogo nyuma ya meza ya Harryhausen, naye akazipanga sanamu zake mbele yake hata mfupa ukutane na chuma. Na ili viunzi vionekane viko katikati ya magofu, si kana kwamba vimebandikwa juu yake, sehemu ya mbele ya mandhari ilizibwa kwa kioo kilichopakwa rangi nyeusi, filamu ikapigwa, ikarudishwa nyuma, na sehemu iliyozibwa ikapigwa peke yake mara ya pili. Kosa likitokea katika hatua yoyote ya hizo, hakuna kufuta. Ni kuanza upya.

Lakini naona nimetangulia kwenye viunzi, na haki ya kwanza ni ya Talos, ambaye kwangu mimi ndiye kilele cha sinema yote. Katika hekaya ya Wayunani, Talos alikuwa mtu wa shaba aliyelinda kisiwa cha Krete, mwenye mshipa mmoja uliozibwa kifundoni. Harryhausen akamkuza akawa jitu refu kupita mlingoti, kwa kuikumbuka ile sanamu kubwa ya Rhodes ya kale, na akamweka amepiga goti juu ya jukwaa la mawe katika bonde lenye majitu mengine kama yeye. Hercules na kijana Hylas wanaingia ndani ya jukwaa hilo, wanakuta hazina, na Hercules, ambaye nguvu zake hazikuambatana na adabu, anachukua pini moja kubwa ya dhahabu ili aifanye mkuki. Wanatoka nje. Jua ni kali, upepo wavuma, sanamu imekaa kama ilivyokaa miaka elfu. Kisha panasikika sauti ya chuma kizito kinachokwaruzana, nasi twakiona kichwa kile kikigeuka polepole kuwatazama.

Hakuna zaidi ya hilo: kichwa kimegeuka. Wala uso haukubadilika, kwa kuwa ni shaba, na macho hayana mboni. Hata hivyo, nilipokuwa mtoto katika viti vile vya mbele, safu nzima ilirudi nyuma kana kwamba imesukumwa, na yule mfasiri wetu, aliyekuwa hajanyamaza tangu taa zilipozimwa, alinyamaza. Baadaye Talos anashuka jukwaani, na mwendo wake ni wa kukatika katika, mguu ukiinuka kwa shida na kushuka kwa kishindo, kiuno kikigeuka peke yake kama lango lenye bawaba za kutu. Harryhausen mwenyewe alizoea kusema kwa kujicheka kwamba alitumia umri wake kutafuta namna ya kuzifanya sanamu ziende kwa ulaini, na hapa pakatakikana kinyume chake. Mwisho wake nao ni wa ajabu: Jason anakifungua kizibo cha kisigino, majimaji ya uhai yanamwagika mchangani yakifuka moshi, na jitu lile linashika koo lake kwa mikono miwili, kama mtu anayekosa pumzi, ingawa hatukupata kumwona akipumua hata mara moja. Nyufa zinatambaa mwilini. Linaanguka, na kumfunika Hylas.

Mtu anayesikitika wakati wa kuanguka kwa Talos, nami hukiri kwamba husikitika kila mara, amsikitikie nani, wakati ajua kwamba ni kinyago? Hapa ndipo nionapo kwamba wenzetu wanaokimbilia ulaini wamekosea njia. Wanadhani kazi ya sanaa hii ni kumdanganya mtazamaji ili asijue kwamba sanamu ni sanamu. Wala si hivyo. Hekaya yenyewe yasema kwamba Talos ni shaba iliyotiwa mwendo na mungu, na kwamba viunzi ni maiti zilizoamrishwa kusimama. Kwa maneno mengine, ni vitu visivyo na uhai wa nafsi yao, vinavyoendeshwa na mkono usio wao. Basi vitembee vipi? Vikitembea kwa ulaini kama paka, hekaya imekwisha kuwa uongo, kwa sababu tungeona kiumbe hai mwenye umbo geni. Vikitetemeka, macho yetu yanasadiki yale yale ambayo hadithi inayasema, kwamba hapa kuna kitu kisichopaswa kujongea nacho chajongezwa.

Na sinema hii, sijui kwa kusudi au kwa bahati njema, imeitia hoja hiyo ndani ya kisa chake. Juu ya mlima Olimpo, Zeus na Hera wanacheza mchezo juu ya ubao. Vijisanamu vya watu vimewekwa mezani, na mungu akinyosha vidole na kukisogeza kimoja, huko chini merikebu hugeuka au mtu huingia hatarini. Kila nikiiona sehemu hiyo siwezi kujizuia kumfikiri yule fundi aliyejifungia chumbani Uingereza, mbele ya meza yake, akisogeza vijisanamu vyake kwa upana wa ukucha. Tena kuna mzaha mwingine ambao wachache huujua: mwigizaji wa Jason, Todd Armstrong, hakuachiwa hata sauti yake, kwani maneno yake yote yalitiwa baadaye na mtu mwingine. Almuradi shujaa mwenye nyama na damu alisemeshwa kama kinyago, ilhali viunzi vilipiga kelele zao kwa hamasa kuliko yeye.

Nitaambiwa kwamba Harryhausen mwenyewe angalipewa chombo cha kulainisha angalikitumia. Yamkini. Mafundi waliomfuata walikitafuta kwa bidii: katika Dragonslayer ya mwaka 1981 walizifunga sanamu kwenye mitambo iliyozisogeza wakati ule ule kamera imefumbua jicho, ili mwendo ufifie kama wa mnyama wa kweli, na joka walilolipata ni la kutisha kwelikweli. Baadaye, katika matayarisho ya Jurassic Park, sanamu hizo nazo zikawekwa kando, na kazi ikapewa kompyuta. Sina ugomvi na hilo hata kidogo. Dinosaria ni mnyama. Aliwahi kula, kunywa na kutembea juu ya ardhi hii, na mnyama aliyepata kuishi ana haki ya kuonekana anaishi. Lakini meno ya joka hayakupata kuota watu mahali popote isipokuwa katika vinywa vya wasimuliaji, na kuyatafutia uhalisi wa mnyama wa porini ni kama kumuuliza bibi, katikati ya hadithi, zimwi lile lilikuwa na uzito wa kilo ngapi.

Atakaye kupima na apime kwa Medusa. Katika Clash of the Titans ya mwaka 1981, kazi ya mwisho ya Harryhausen katika sinema ndefu, Medusa anajivuta sakafuni kwa mikono yake, mkia wa nyoka ukiburura nyuma na kutoa mlio wa kayamba, na mwanga wa moto ukimcheza usoni hata hujui kilichosogea ni kivuli, au nywele zake za nyoka, au yeye. Mtu hushika pumzi. Mwaka 2010 sinema hiyo ilitengenezwa upya kwa kompyuta, na Medusa wake hupita kasi kama samaki, mwepesi, laini, asiye na uzito, na nilipoitazama nilijikuta nafikiria kama nimefunga mlango wa nyuma.

Wala sitaki kudai kwamba kila kitu katika kazi za zamani ni kizuri. Rangi ya Jason hupauka kila sanamu inapokaribia kutokea, kwa sababu mandhari imepigwa mara mbili, na mtazamaji aliyezoea hujua kabla ya Jason mwenyewe kwamba hatari imefika. Joka la vichwa saba linalolinda manyoya ya dhahabu ni zuri la kutazamwa, lakini pigano lake ni fupi na halina mwelekeo. Na Triton, yule mzee wa bahari anayeishikilia miamba isiiponde merikebu, hakuwa sanamu bali mtu aliyepakwa rangi na kupigwa filamu kwa kasi ili aonekane mzito. Ni mkubwa, ana mapezi, maji yanamtiririka, naye hatishi. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini mtu halisi asitishe pale ambapo mpira na chuma vimetisha, na jawabu langu ni hilo hilo nililokwisha kulitoa: ukimwona, wamjua, ni mtu mwenye mabega, na mabega yake yanajongea kama mabega.

Haya si mageni kwetu. Watu wa pwani tulizijua safari za Sindbad katika Alfu Lela Ulela kabla Hollywood haijamvika kilemba, na tulilelewa na nunda, yule paka aliyegeuka mla watu katika kisa cha Sultani Majnuni, ambacho Askofu Steere alikinukulu Unguja na kukichapisha katika mwaka 1870. Bibi yangu alipomsimulia nunda alikaa juu ya mkeka, na sote tuliona kwamba ni yeye anayenguruma. Meno yake mawili ya mbele hayakuwapo na mngurumo ulitoka na mluzi. Hakuna mtoto aliyesema, “Bibi, huyu si nunda, ni wewe.” Tulikwisha kuitikia pakawa, na kuitikia ni mkataba: msimuliaji hukubali kuonekana, nasi hukubali kuogopa. Lile pengo la meno lilikuwa mahali pa kuingilia. Mngurumo ungalikuwa kamili, kama wa simba wa porini, tungalikimbia tu, na anayekimbia haisikii hadithi.

Kwa hiyo huwa sielewi kwa nini vijana wetu wa sinema, ambao wana simu zenye kamera bora kuliko ya Harryhausen, wakitaka kumwonyesha jini au zimwi hukimbilia programu za kompyuta zilizokwisha kutengenezwa ng’ambo, na kututolea moto wa kijani usiochoma na joka ambalo nimekwisha kuliona katika matangazo matatu ya biashara. Udongo wa mfinyanzi upo. Waya upo, na fundi wa kuukunja yupo kila mtaa. Kinachokosekana ni ile subira ya kufunga mlango asubuhi na kutoka jioni na nusu sekunde, na sitajifanya kwamba subira hiyo ni rahisi. Mimi mwenyewe nilijaribu mara moja, kwa simu ya binti yangu na ng’ombe wa udongo, na ng’ombe alipofika hatua ya nne nilikuwa nimekwisha kusahau ni mguu upi uliokuwa unafuata.

Harryhausen hakupata tuzo ya Oscar kwa Jason. Hakuteuliwa hata kugombea, na mwaka ule tuzo ya mbinu hizo ikaenda kwa Cleopatra. Alikuja kukumbukwa mwaka 1992, kwa tuzo ya heshima, na Tom Hanks aliyemkabidhi akasema hadharani kwamba watu na waseme watakavyo juu ya Citizen Kane na Casablanca, kwake yeye sinema kubwa kuliko zote ni Jason. Sidhani kwamba Hanks alikuwa akifanya mzaha mtupu.

Tuirudie televisheni. Mkwe wangu aliporudi kutoka kazini nilimweleza nilichokizima, kwa kuwa si adabu kupekua chombo cha mwenye nyumba na kukaa kimya, naye akanisikiliza kwa heshima yote, kisha akaniambia, “Sawa, baba, lakini mpira ukianza nitairudisha. Bila ile kitu siuoni mpira unakokwenda.” Na nilipotazama naye kipindi cha kwanza nikakubali kwamba kwa mpira ana haki, mpira ni kitu hai kwa namna yake, na kuulainisha si dhambi. Tukapatana kwamba kila mmoja atairudisha anavyotaka na asilalamike. Mjukuu alikuwa akisikiliza, nasi hatukujua kwamba alikwisha kuikariri njia nzima katika mipangilio, ukurasa kwa ukurasa. Usiku wa kuamkia safari yangu niliingia sebuleni nikamkuta ameketi peke yake na rimoti mkononi, amekwisha kuuzima ulaini na anatazama kwa makini, akimngojea msomaji wa taarifa ya habari atetemeke.